Kibao Kidogo Kinachoshika Kona



Tafakari yetu ya juma hili haitoki mbali. Tunaichota katika karakana za maseremala wa mji wetu, zile za Keko zilizopangana kando ya barabara na hizi zilizojibanza katika vichochoro vya Ilala na Gerezani, ambako vumbi la msumeno huchanganyika na kelele za makondakta. Tunakusudia kutetea jambo dogo na kavu: kwamba seremala anayeiheshimu kazi yake hana budi kuwa na vigezo vya kushikia mbao zake ili zikae katika pembemraba, na kwamba sisi wateja tunapaswa kuvidai na kuvilipia. Bila shaka wapo watakaouliza padre ana nini na misumari. Tunawajibu kwamba Mathayo na Marko hawakuona haya kuutaja ufundi uliokuwa Nazareti, na kwamba tangu mwaka 1955, Papa Pio wa XII alipoiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kila Mei Mosi tunauenzi ufundi huo altareni. Ila hoja yetu ya leo si sikukuu. Hoja yetu ni makabati yasiyofungika.

Mtu akishuka Mtaa wa Msimbazi na kuingia Kariakoo leo, ataona makabati ya nguo kutoka ng'ambo, hasa China, yamefungwa katika maboksi bapa, tayari kwa kuunganishwa nyumbani kwa bisibisi. Mengi si mbao. Ni unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Likinyeshewa, kabati la namna hiyo huvimba kuanzia miguuni kama andazi. Ndugu zetu wa Jangwani na wa bonde la Mto Msimbazi, ambao mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta vitandani, hawahitaji kuhadithiwa maji yanafanya nini ndani ya nyumba. Upande wa pili yupo fundi wetu, mwenye mninga mkononi. Mninga ni mbao ya heshima. Husinyaa kidogo sana inapokauka, haijikunji ovyo, mchwa hawaupendi moyo wake, nayo huzidi kupendeza kadiri miaka inavyopita. Kwa vipimo vyote vya akili, fundi wa Keko alipaswa kushinda.

Hata hivyo mama wa nyumba anapochagua, mara nyingi huchagua lile boksi. Tumesikia akilaumiwa kwamba anapenda vya kigeni, kwamba hana uzalendo. Tunaona lawama hiyo si ya haki. Mama yule hanunui ugeni. Ananunua mlango unaofungika. Amekwisha kuwa na kabati la mninga ambalo mlango wake wa kushoto unalamba sakafu na wa kulia unaacha ufa wa kupitisha mende, na droo yake inavutwa kwa mikono miwili huku mtoto akilishikilia kabati lisije likaanguka. Alilipa fedha nyingi kwa mbao bora, akapewa kona mbovu.

Wengi hudhani tofauti ni mashine. Kule kuna viwanda, huku kuna randa na jasho. Ni kweli kwa sehemu, lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba katika kiwanda kile mfanyakazi hapimi kabisa. Yeye huusukuma ubao mpaka ugote kwenye kizuizi, msumeno ukakata, na ubao wa elfu moja ukatoka sawa na wa kwanza. Tundu la skrubu hutobolewa kupitia tundu jingine lililokwisha kutobolewa katika bamba la kuongozea. Usahihi haukai katika mkono wa mtu yule, ambaye huenda aliajiriwa juma lililopita. Unakaa katika kizuizi na bamba. Na vitu hivyo havihitaji umeme. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Connecticut nchini Marekani, fundi Eli Terry alijifunga kwa mkataba kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mbao kwa miaka 3, jambo ambalo wenzake walilicheka, naye aliliweza kwa nguvu za maji na kwa vigezo vilivyofanya kila gurudumu la mbao lifanane na mwenzake.

Tuseme basi kigezo ni nini. Waliopitia vyuoni hukiita jigi. Wengine hawana jina lake, husema tu kile kibao. Sisi tutatumia neno kigezo, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulipa kazi hiyo tangu zamani: kitu cha kufuatishia. Kwa seremala wa makabati, kigezo cha kwanza ni kipande cha ubao bapa, tuseme plaiwudi ya milimita 18, ambacho juu yake hupigiliwa papi mbili zilizonyooka, zikikutana katika pembe ya nyuzi 90. Basi. Mbao mbili zinazotakiwa kuungana husukumwa katika kona hiyo, hukazwa kwa kabari au jiriwa, hupakwa gundi na kupigwa msumari au skrubu zikiwa zimeshikwa, wala haziwezi kukimbia. Fundi mwenye busara hukata ncha ya kona ile kwa ndani, ili gundi inayobubujika ipate pa kwenda na vumbi lisizuie ubao kugota. Tena hupaka nta katika papi zile ili kazi isinatane na kigezo. Masalia ya mshumaa yanatosha kabisa, na tunaomba isieleweke kwamba tunawaalika mafundi sakristiani.

Kigezo cha pili ni kizuizi cha urefu: kibao kilichopigiliwa mahali pamoja juu ya meza ya kukatia, ili miguu minne ya meza ikatwe bila futi kamba kuguswa tena baada ya mguu wa kwanza. Hiki wengi hukidharau, kumbe ndicho mama wa kile cha kwanza, maana fremu yenye pande zinazotazamana zisizolingana haiwezi kuwa na kona nne sawa hata ikibembelezwa vipi.

Hesabu yake ni fupi nasi tunaipenda. Ikiwa skwea ya fundi ina mkono wa sentimita 20, nayo imekosea milimita 1 tu katika urefu huo, kosa lile likifuatishwa hadi mwisho wa ubavu wa kabati wenye sentimita 180 linakuwa milimita 9. Nafasi inayoachwa pembeni mwa mlango ni milimita 2 au 3. Ndipo fundi anapoanza kuuranda mlango ili ukubali kosa la fremu, na mlango uliokuwa sawa unapindishwa kwa makusudi ili ufanane na nyumba yake. Mwezi wa pili bawaba zimelegea, na fundi anapigiwa simu zisizopokewa.

Na skwea yenyewe hukosea. Imedondoka sakafuni mara ngapi? Njia ya kuijaribu ni ya bure: iegemezwe kwenye ubao ulionyooka, uchorwe mstari, kisha igeuzwe upande wa pili na uchorwe mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, skwea ni mbovu, na mwachano ule ni maradufu ya kosa lake. Asiye na skwea kabisa anaweza kupima sentimita 60 upande mmoja wa kona na 80 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa 100 kamili, kona ni sawa. Na fremu iliyokwisha kuungwa hupimwa kona kwa kona, kwa mshazari, mara mbili. Fremu ya mlango wa sentimita 90 kwa 210 inapaswa kutoa takriban sentimita 228 na nusu kwa kila mshazari. Ikilala pembeni sentimita 1 tu, mishazari ile hutofautiana kwa karibu milimita 8, kosa ambalo jicho haliliamini lakini kamba hulisema. Wasomaji wetu ambao ni walimu wa hesabu watakumbusha, nao watakuwa na haki, kwamba kipimo hiki kina maana tu ikiwa pande zinazotazamana zimelingana kwanza. Ndiyo sababu tulikisifu kizuizi cha urefu.

Hapa husimama mzee mmoja katika kila karakana na kusema kwamba fundi wa kweli hupima kwa jicho. Tunamheshimu mzee huyo. Katika pwani yetu majahazi yameundwa kwa vizazi vingi bila mchoro wa karatasi, na yamevuka bahari. Lakini jahazi halina kona. Ubavu wake ni mkunjo unaotafuta maji, na jicho lililozoea huona mkunjo mzuri kuliko rula yoyote. Kabati linakwenda kukaa kwenye kona ya chumba cha Manzese, limeegemea kuta mbili, na halitafuti maji. Jicho ni mwalimu mzuri wa mikunjo na shahidi dhaifu wa pembemraba. Hata mzee wetu mwenyewe asubuhi huona vizuri kuliko saa kumi na moja jioni, akiwa hajala, na mwenye kabati amesimama mlangoni na gari la kukodi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la muda na fedha. Kigezo cha kwanza kinaweza kula nusu siku, plaiwudi hainunuliwi kwa maneno matupu, na mteja hatoi hata senti kwa kitu ambacho hatakipeleka nyumbani. Ni kweli. Seremala wetu anaishi kwa malipo ya awali ya kazi ya leo, ambayo ndiyo hununulia mbao za kazi ya jana. Asiye na akiba hawezi kutengeneza zana ambayo faida yake itaonekana kwenye meza ya kumi. Hapo tunawageukia ninyi na sisi wenyewe tulio wateja. Tunafika karakanani, tunashusha bei mpaka fundi abaki na nauli, kisha tunadai kazi iwe tayari Jumamosi kwa sababu kuna kipaimara. Halafu tunashangaa kwamba meza inacheza. Mwaka 2016, elimu ya msingi bila ada ilipoanza na madarasa yakafurika, nchi nzima iliagizwa imalize upungufu wa madawati kabla ya Juni kuisha. Lilikuwa jambo jema, watoto waliinuka kutoka sakafuni, na mafundi wengi walipata kazi. Ila tunakumbuka kwamba hesabu iliyosomwa kila juma ilikuwa ya idadi. Dawati likicheza, mtoto hukunja karatasi ya daftari na kuiweka chini ya mguu mmoja, na mwandiko wake hufuata dawati.

Tunaomba radhi kwa kupotoka kidogo, lakini jambo hili la kucheza lina sababu yake. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi kamwe, hata juu ya mawe. Chenye miguu minne hudai fremu isiyojipinda, kwa maana ikijipinda husimama juu ya miguu mitatu na wa nne hubaki hewani ukisubiri mtu akae. Bibi zetu waliokalia vigoda jikoni walikuwa wamelimaliza tatizo hili bila seremala yeyote.

Sababu inayotugusa zaidi kuliko zote ni vijana. Katika karakana nyingi kijana huanza kwa kufagia maranda, kisha hupiga msasa, na miaka inapita kabla hajaruhusiwa kushika kona, kwa kuwa kona ni siri ya mkono wa bosi wake. Wakati mwingine siri hiyo hufichwa kwa makusudi, tuseme ukweli, ili kijana asije akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara. Kigezo huivunja siri hiyo. Kijana wa miezi mitatu, akipewa kona iliyokwisha kunyooshwa na kizuizi kilichokwisha kupigiliwa, anaweza kutoa fremu iliyo sawa na ya bosi wake, na anastahili ujira wa kazi hiyo. Wapo watakaosema hilo humfanya kijana kuwa mashine. Mwaka 1981, katika waraka wake Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo wa II alifundisha kwamba teknolojia ni mshirika wa mfanyakazi, nayo yaweza pia kugeuka adui yake inapomnyang'anya nafasi yake. Kwa maoni yetu mpaka kati ya mambo hayo mawili, katika karakana, ni huu: je, kijana amefundishwa kutengeneza kigezo, au amefundishwa kukitumia tu? Anayekitumia tu atategemea karakana ya mtu maisha yake yote. Anayejua kukitengeneza amebeba karakana kichwani.

Kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi wenye vijana waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne wasiione VETA ya Chang'ombe kama adhabu ya walioshindwa. Na kwa mafundi waliokwisha kukaa miaka mingi kazini bila cheti, ipo njia ya Mamlaka hiyo ya kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana mtaani. Wabenediktini waliokuja nchini mwetu katika karne ya 19, wakajenga Peramiho kuanzia mwaka 1898 na Ndanda kuanzia 1906, waliweka karakana pamoja na kanisa na shule, wala hawakungoja moja liishe ndipo jingine lianze.

Tahadhari moja hatuwezi kuiacha. Kigezo kilichopinda ni hatari kuliko kutokuwa na kigezo. Mkono wa mtu hukosea leo huku na kesho kule, na makosa huweza kukutana na kufidiana. Kigezo kibovu hukosea upande uleule mara mia, kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo kitundikwe ukutani, kisitumiwe kama ubao wa kukatia wala kiti cha mgeni, kisiachwe mvuani katika mji huu wenye unyevu wa bahari, na kila mwezi kijaribiwe kwa njia ile ya 60, 80 na 100. Kikionekana kimechoka, kichomwe. Kisipewe karakana jirani kwa hisani.

Sasa tufike nyumbani. Baraza la walei lina jambo mezani, nalo ni mabenchi ya kanisa. Mengi yamelegea, vipigio vya magoti vingine vimefungwa kwa waya, na akina mama wa mstari wa nyuma wamekuja na vitambaa vya kuwekea ili msumari usichane vitenge. Yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua viti vya plastiki, ambavyo ni rahisi, hubebwa na kupangwa upesi, na havihitaji fundi. La pili ni kuwapa kazi maseremala wa jumuiya zetu ndogo ndogo, ambao baadhi yao wamekaa miezi bila kazi ya maana. Wanaopinga pendekezo la pili hawasemi kwa chuki. Wanasema waliwahi kuletewa benchi lililokuwa na ncha moja juu ya nyingine, na kwamba sadaka ya waamini si ya kufanyia majaribio. Wanayo hoja.

Maoni yetu ni kwamba kazi wapewe maseremala, ila kwa utaratibu tofauti na uliozoeleka. Kwanza, malipo ya awali yagawanywe, na sehemu yake itamkwe wazi kuwa ni ya kutengenezea vigezo: kimoja cha fremu ya pembeni, kimoja cha kipigio cha magoti, na vizuizi vya urefu. Tusiwaombe mafundi wavitengeneze kwa mapenzi mema. Pili, vigezo vitengenezwe mara moja, pamoja, na mafundi wote watakaogawana kazi, pamoja na vijana wao, ili benchi la fundi wa Ilala na la fundi wa Buguruni yakiwekwa mstari mmoja yasijulikane. Kazi ikiisha, vigezo vibaki kwa mafundi, si katika ghala la parokia vikiliwa na panya. Tatu, mbao zinunuliwe mapema zikae zikauke. Mbao za msonobari zinazoshushwa kutoka Sao Hill zikiwa bado zinatoa maji zitapinda baada ya kazi, na hapo hakuna kigezo cha kumwokoa mtu. Nne, asiharakishwe mtu kwa ajili ya sherehe yoyote, hata ya somo wa parokia. Wakisema miezi minne, iwe minne.

Kabla ya yote litengenezwe benchi moja tu la mfano. Likiletwa litawekwa uani, karibu na groto ya Mama Maria, Jumapili baada ya Misa ya pili, nasi tutakuwa na futi kamba ya mita tano mfukoni. Kila mwenye shaka anakaribishwa apime mwenyewe kona kwa kona, alikalie, apige magoti, alitikise atakavyo. Baraza litaketi Jumatano inayofuata.

Bwana awe nanyi.